Kipimo cha Damu na Sumu ya Miaka Iliyopita

SWALI: Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha betri, kisha nikaacha. Kipimo cha damu kimeonyesha kiwango kidogo cha madini ya risasi. Je, mwili wangu umesalimika?

JIBU: Kipimo hicho peke yake hakitoshi kukuhakikishia hilo. Risasi iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa takriban mwezi mmoja baada ya mtu kuepukana nayo, ilhali sehemu kubwa ya iliyobaki mwilini hujificha kwenye mifupa, ambako hukaa kwa miaka mingi na kurejea damuni polepole, hasa mifupa inapodhoofika kwa umri. Viashiria vingine, yaani vitu vinavyopimwa mwilini ili kujua sumu iliyoingia, navyo vina muda wake: sumu ya aseniki kwenye mkojo hueleza siku chache zilizopita, bali madini yenye sumu ya kadimiamu kwenye mkojo hueleza mrundikano wa miaka. Hata hivyo, kiashiria huthibitisha kwamba sumu imeingia mwilini, hakithibitishi ugonjwa. Nakusihi umweleze daktari historia yako ya kazi bila kuficha lolote, akupime shinikizo la damu na figo, kwani risasi inahusishwa na madhara ya vyote viwili.