Niliziba ufa, ukuta nikajenga vilevile

Kila aliyeniona nikihangaika na nyumba yetu alinipa methali ileile ya ufa na ukuta. Sasa mimi niliziba. Niliziba kwa saruji nzito, nikapiga plasta ukuta mzima wa ukumbini, nikamalizia na rangi ya mafuta inayong'aa, nikajipongeza. Masika mawili hayajapita, plasta ikaanza kuvimba kama andazi. Ukiigonga kwa kidole inalia tupu. Siku moja, tena mchana wa jua kali, pande la ukubwa wa mlango likadondoka lenyewe, likavunja stuli na birika alilotuachia bibi. Nilipochungulia nyuma yake, chokaa ya zamani ilikuwa imelegea, unaichota kwa kijiko.

Nyumba yenyewe ni ya urithi, ipo Mji Mkongwe, Unguja. Ina ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe zinazozidi nusu mita kwa unene, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na paa ni bati. Mwenye nyumba ya aina hii Lamu, Mombasa, Pangani au Bagamoyo atayakuta mambo yake humu. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji achukue ya paa na ya mabomba, ya ukutani aniachie mimi.

Aliyenifungua macho ni mwashi mmoja mzee, niliyemwita aje kupiga plasta upya. Aliushika ukuta kwa kiganja, akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani alikwambia uuvishe koti la mpira?"

"Koti gani tena, mzee?"

"Hii saruji. Ukuta huu unatoka jasho, tangu umejengwa unatoka jasho. Wewe umeuvalisha koti la mpira halafu unashangaa umerowa."

Hilo ndilo somo lote la nyumba za chokaa, na lilinigharimu fedha nyingi kabla ya kulisikia. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji yaliyopanda hutoka taratibu kwa hewa na ukuta unabaki mkavu kiasi cha kukalika. Ukipaka saruji umefunga njia ya kutokea. Maji hayarudi chini. Yanapanda juu zaidi, yakitafuta pa kupumulia, na yanabeba chumvi. Chumvi ikifika pa kukaukia inaganda, inatanuka, inasukuma plasta. Ule unga mweupe unaouona ukutani, kama ukungu wa pamba, mimi niliuonja kwa ncha ya ulimi. Ni chumvi, haina mjadala.

Plasta ya kwanza ya saruji ilinila laki tisa. Kuibandua, laki mbili na siku nne za vumbi. Kupiga chokaa badala yake, laki saba. Ningeanza na mzee yule ningebaki na zaidi ya milioni moja mfukoni, na birika la bibi lingekuwa zima.

Lakini hata chokaa usikimbilie. Mzee alikataa kuchanganya hata ndoo moja mpaka tujue maji yanatoka wapi, na hapa nakusihi uwe mgumu kama yeye, kwa sababu fundi mwenye njaa atakupakia chochote utakachomlipa. Alinifundisha kazi ya penseli. Ukiona doa la unyevu, zungushia mstari kwa penseli, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya wiki, chora tena. Doa linalokua siku za mvua na kusinyaa jua likitoka, hilo ni la paa au gata. Linalokua kila siku, mvua isiwepo, hilo ni bomba au choo cha juu. Linaloanzia sakafuni na kuishia usawa wa kiuno likiwa na ukingo wa chumvi, hilo ni la ardhi. Ukuta wetu wa ngazi ulijaa michoro mpaka wageni wakadhani watoto wanafundishwa ramani ya dunia. Ndani ya miezi miwili nilikuwa najua zaidi kuhusu nyumba ile kuliko nilivyojua kwa miaka yote niliyolala ndani yake.

Tuanze na paa, maana huko ndiko fedha ndogo inaokoa fedha kubwa. Usipande mchana wa jua ukategemea kuona tundu. Panda darini asubuhi, funga madirisha, kaa gizani dakika tano. Kila tundu litakuonyesha nyota yake. Kisha panda tena usiku wa mvua na tochi, uone maji yanapita wapi, kwa sababu tone linaloangukia kitandani kwako huenda limeingilia mita tatu mbali na kutambaa juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja wa Aprili, nimejifunga kanga kichwani, na nilichokikuta kilinichekesha. Fundi wa zamani alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya kwenye migongo. Maji yote ya paa hupita bondeni, kwa hiyo kila msumari ulikuwa bomba dogo la kuingizia maji ndani. Wosha za mpira zilikuwa zimekauka na kupasuka siku nyingi.

Dawa yake ilikuwa kilo chache za misumari mipya na wosha, tukapigilia mgongoni, na yale matundu ya bondeni tukayaziba kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa lami, tabaka mbili. Silikoni ya tyubu niliwahi kuijaribu. Jua la paa liliikausha mwaka uleule. Bati lililotoboka kwa kutu usilibandike viraka kama suruali, badilisha bati zima. Na ukinunua, angalia geji: 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba ni ndogo, na karibu na bahari ule unene ndio unaokupa miaka. Kingine ambacho mafundi wengi hawakuulizi ni upepo. Bati likilalia jingine, mdomo wa maungio usielekee kusi, maana mvua nyingi ya masika inakuja imebebwa na upepo huo na itasukumwa kuingia chini ya bati hata kama hakuna tundu hata moja.

Gata zetu sikuwa nazitazama kabisa mpaka mlizamu, yaani mdomo wa kutolea maji, ulipoziba na maji yakaanza kumwagika ukutani kama maporomoko. Tulitoa majani, kiota cha kunguru, na mpira wa watoto wa jirani ambao ulilalamikiwa kupotea tangu mwaka juzi. Sasa zinasafishwa mara mbili, mwisho wa Februari kabla ya masika na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Kijana wa mtaani nampa elfu kumi na chai. Bomba la kuteremshia maji lilikuwa linaishia kwenye kitako cha ukuta, yaani paa lote lilikuwa linauogesha msingi. Tuliongeza kiwiko na bomba fupi, maji yakaelekezwa kwenye tangi la plastiki. Maji yale yanafulia na kudekia, na siku maji ya bomba yasipotoka sinunui madumu.

Choo cha juu ndicho adui mkubwa wa nyumba hizi, na nasema hivyo nikijua kuna watakaobisha. Wazee walipojenga hawakuwa na shawa inayomwagika nusu saa juu ya boriti. Kipimo ni rahisi: usiku funga mifereji yote, yaani koki za maji, soma mita ya maji, asubuhi kabla mtu hajanawa soma tena. Mita ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na huenda ni bomba ndani ya ukuta. Yetu ilisogea. Lilikuwa ni ungio moja nyuma ya sinki, shilingi elfu nane za kifaa, na kwa muda wote ule lilikuwa linaozesha boriti mbili na kunenepesha bili.

Boriti hupimwa kwa bisibisi. Usiangalie katikati, katikati siku zote panapendeza. Choma pale zinapoingia ukutani. Boriti nzima inarudisha bisibisi, iliyooza inaimeza. Ukikuta vijia vya udongo vya mchwa, usivifute kwa hasira ukadhani umemaliza. Fuata vinakoanzia, uweke dawa pale. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Mimi siiruhusu ndani ya nyumba, harufu haiondoki na ni kitu cha kushika moto. Boriti ikishabonyea au sakafu ya juu ikilala, hapo acha kusoma makala, ita mtaalamu, hamisha watu chumba kile leo.

Tukirudi kwenye chokaa. Chokaa mbichi iliyotoka tanurini inachemka ikikutana na maji na inaweza kumpofua mtu, kwa hiyo kazi hiyo iachie wenyewe. Sisi tulitumia ya unga ya mifuko, tukailoweka kwenye pipa hadi ikawa laini kama siagi. Mzee alisema ikikaa miezi ni bora zaidi. Tuliipa wiki tatu kwa sababu ami yangu alikuwa anakaribia kuja kutoka Muscat na hatukutaka aikute nyumba iko uchi. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure. Utakuwa unaurudishia ukuta chumvi uliyotoka kuibandua. Ukuta unaloweshwa kwanza, kisha chokaa inapigwa tabaka nyembamba, unasubiri siku kadhaa, ndipo la pili. Halafu, jambo linalowashinda mafundi wa siku hizi, unatundika magunia mabichi na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni, wiki nzima. Chokaa ikikaushwa na jua inapasuka na kuwa vumbi. Ndiyo maana kazi hii tuliifanya Julai, masika yamekwisha, na jua la kaskazi bado liko mbali.

Juu yake haipakwi rangi ya mafuta, hata kama dukani wanakuambia inaoshika. Paka chokaa ya maji, nyeupe, kila mwaka au miwili. Ndoo yake ni bei ya chakula cha mchana. Faida nyingine sikuitegemea: vyumba vimepoa. Ukuta mkavu mweupe na madirisha yaliyofunguliwa usiku vimeifanya feni ya chumbani ipumzike, na umeme niliokuwa nanunua kila wiki sasa unakaribia wiki mbili.

Upande wa kichochoroni tulibomoa kile kipande cha sakafu ya saruji kilichomwagwa hadi kwenye kitako cha ukuta, tukaacha ukanda wa kokoto upana wa futi moja na nusu. Unyevu wa ardhini ukapata pa kutokea. Majirani walisema tunaharibu. Wawili kati yao wameshaniomba namba ya fundi. Ila ukiwa Mji Mkongwe, kabla hujagusa ukuta wa nje, mlango au paa, pita kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe uombe kibali. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Na miche ya mkuyu inayoota kwenye nyufa kwa hisani ya ndege, ing'oe ikiwa sawa na kidole. Ikishakuwa sawa na mkono usiivute, itatoka na mawe.

Hayo yote ni rahisi kuliko ndugu. Nyumba ya urithi ina wenyewe kumi na moja pale inapopangishwa, na inapovuja haina mwenyewe. Kwa miaka tulikuwa tunangoja liharibike jambo kubwa ndipo tuchangishane, na kila mchango ulizaa ugomvi. Kilichotushtua ni Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba maarufu la hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka. Jengo la 1883, la sultani, lililotazamwa na dunia nzima, linaanguka; sisi wa kichochoroni tunajidanganya nini? Usiku ule mama mdogo aliandika kwenye kundi la familia, neno moja tu: "Yetu je?"

Tukakubaliana kila mmoja atoe elfu ishirini kwa mwezi, na aliye Oman atoe zaidi. Fedha inakaa kwenye akaunti ya watu wawili wasiopatana sana, makusudi, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Ninapotumia hata elfu tano ya misumari napiga picha ya risiti na ya msumari wenyewe, natuma. Wanaolipa wanataka kuona tundu kabla na tundu baada. Hivi sasa tuna akiba ya kubadilisha bati la upande mzima wa magharibi, na hatujakopa.

Ukuta wa choo cha juu bado unanisumbua. Una mistari minne ya penseli, wa mwisho ni wa Jumapili iliyopita, na umezidi ule wa kabla yake kwa upana wa vidole viwili. Bomba nimeshapima, mita haisogei. Nashuku vigae. Ijumaa baada ya swala mzee anakuja, nimeshamwekea kahawa.