Mhasibu mdogo, mkuu wa fedha na akili mnemba: kinachoondoka na kinachobaki

Mkuu, umeuliza mawili: mhasibu aliye katikati ya mitihani ya CPA (cheti cha uhasibu wa kitaaluma) aendelee au abadili fani, na mkuu wa idara ya fedha anatakiwa kuijua akili mnemba (AI) kwa kina gani.

Endelea na CPA. Kinachoondoka ni uingizaji: kuandika ankara kwenye mfumo, kupanga matumizi kwenye akaunti, kutiki leja (daftari kuu la hesabu) dhidi ya taarifa ya benki. Kinachobaki ni kuhoji kilichoingizwa, na hapo wengi hawajajiandaa.

Chukua usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha hesabu zako na taarifa ya benki. Wateja 12 wana ankara za shilingi 150,000 kila mmoja. Wanane wamelipa siku moja kwa lipa namba, na kumbukumbu za malipo hazikuja kamili. Mashine itayapachika malipo kwenye ankara zozote nane. Tofauti inasoma sifuri, kila mtu anafurahi, kisha barua ya madai inamwendea aliyelipa. Usuluhishi umefunga, orodha ya wadaiwa ni mbovu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kulinganisha iwe namba ya ankara au ya muamala. Kiasi na tarehe pekee vitoe pendekezo tu, mtu aidhinishe. Taarifa ya benki ipakue kama CSV (faili la jedwali), si PDF iliyoskaniwa, na kagua mpangilio wa tarehe kwanza: 03/04 yetu ni Aprili 3, ikisomwa Kimarekani inakuwa Machi 4.

Risiti za EFD (za kielektroniki za kodi) nazo zina lake. Karatasi hufifia, 3 inasomwa 8. Zipige picha siku ileile, kisha jaribu VAT ya 18%: jumla mara 18 gawanya kwa 118. Shilingi 1,180,000 lazima itoe 180,000. Ikikataa, angalia kama kuna bidhaa iliyosamehewa kodi kwenye risiti hiyo kabla ya kulaumu mashine. Ikikubali, bado ihakiki kwenye mfumo wa TRA, maana hata risiti feki inaweza kuwa na hesabu safi.

Uainishaji ndio mtego mkubwa zaidi. Vocha imeandikwa "matengenezo ya lori, 14,000,000". Mashine inaona neno matengenezo, inapeleka kwenye gharama. Kumbe ni injini mpya. Chini ya IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali na mitambo, ikitimiza masharti ya kutambuliwa kama mali, inaingia kwenye thamani ya lori na thamani iliyobaki ya injini ya zamani inaondolewa. Aliyesoma vocha tu hawezi kuligundua hilo. Inabidi uulize karakana.

Sasa uongozi. Mkuu wa fedha hahitaji kujua kuandika programu. Anahitaji kuamua ingizo gani lisiingie leja bila idhini, kuanzia kiasi gani kila ingizo likaguliwe (vidogo vichukuliwe kwa sampuli), na kuhakikisha aliyeweka kanuni za mashine siye anayeidhinisha matokeo yake. Kila ingizo lililobadilishwa na mtu libaki na sababu iliyoandikwa, mkaguzi ataitafuta. Mwaka 2025 kampuni ya ushauri na ukaguzi Deloitte Australia ilirudisha sehemu ya malipo ya ripoti ya serikali ya takriban dola 440,000 za Australia, baada ya kukutwa na marejeo yasiyokuwepo. Akili mnemba ilikuwa imetumika kuiandaa. Aliyeitwa kujibu ni kampuni, si programu.

Kuna jambo mabosi wengi hawalioni. Vijana wasipofanya usuluhishi kwa mkono, miaka mitano baadaye hakuna wa kukagua mashine. Kila mwezi kijana apewe akaunti moja aifunge mwenyewe hadi mwisho, ndipo aonyeshwe majibu ya mashine na aeleze kila tofauti. Kama ofisini kwenu nafasi hiyo haipo, iombe wewe mwenyewe.

Na mishahara usiibandike kwenye programu ya bure ya mtandaoni. Majina, namba za NIDA na akaunti za benki ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na kuzipeleka seva za nje kuna masharti yake. Weka namba za kubuni badala ya majina, na orodha ya namba ipi ni ya nani ibaki kwenye kompyuta ya ofisi.