Mwalimu wetu wa kujitolea hana hata jina ukutani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Sekondari yetu inatimiza miaka 50, nami ni katibu wa kamati ya sherehe. Nimependekeza kwenye ubao wa heshima aandikwe Mmarekani wa Peace Corps (mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea nchi nyingine) aliyetufundisha hesabu na fizikia miaka ya tisini. Wenzangu wamekataa: eti alilipwa na serikali yao, na wageni walishasifiwa vya kutosha. Nimekosea?
Katibu, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea, na usirudi nyuma.

Nami hesabu za kidato cha tatu nilifundishwa na mmoja wao. Shule haikuwa na bikari ya ubaoni. Akafunga chaki kwenye kamba ya katani, ncha ya pili akaibana ubaoni kwa kidole gumba, akazungusha. Duara likatoka safi, darasa zima likapiga makofi. Usiku alitujia na karabai yake, haondoki mpaka mafuta yaishe.

Hilo la kulipwa, waambie aliyejitolea hupewa posho ya kujikimu, si mshahara. Wenzake wa kwanza walifika Tanganyika 1961, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa: wapima ardhi, wahandisi, wajiolojia, wakaingia porini kupima barabara. Tunazipita hadi leo, na majina yao hatuyajui.

Umoja wa Mataifa uliitenga Desemba 5 kuwa siku ya wanaojitolea tangu 1985. Kwao Marekani, sheria ya 2014 iliruhusu mnara wa kumbukumbu ya Peace Corps ujengwe Washington. Ni vizuri, lakini hakuna anayejua thamani ya kazi ya mwalimu yule kuliko ninyi mliokaa kwenye madawati yake.

Hoja ya pili ya wenzako usiipuuze, maana picha za mzungu kazungukwa na watoto tumeziona mno. Kwa hiyo andikeni kazi: jina, miaka, somo. Na mstari huohuo aandikwe mwalimu mwenyeji aliyempokea, akamfundisha Kiswahili, kisha akabaki na vipindi vyote mgeni alipoondoka. Huyo naye hajawahi kushukuriwa hadharani, na nakusihi umpiganie vilevile.

Halafu mtafuteni sasa, msingoje sherehe. Mwelezeni nani kati yenu amekuwa mhandisi, nani anafundisha fizikia. Mimi nilichelewa. Nilipopata anwani ya mwalimu wangu nikaandika kurasa nne, na aliyenijibu alikuwa binti yake.