Uzito wa Kisichoonekana: Ushauri kwa Wanaoanza Maigizo Bubu

Anayeingia katika maigizo bubu kwa mara ya kwanza huamini kwamba, kwa kuwa amenyimwa maneno, uso ndio utakaofanya kazi yote. Hukodoa macho, hupanua kinywa, hukunja kipaji, na hadhira hucheka kwa muda mfupi kisha huchoka. Katika miaka niliyoigiza na kuwafundisha vijana sanaa hii, nimesadiki kwamba hadhira haiuamini uso mpaka iwe imeuamini mwili, na kwamba mwili huaminika pale unapoonyesha uzito.

Hakuna aliyelisimamia jambo hili kwa ukali kuliko Étienne Decroux, mwalimu Mfaransa wa maigizo bubu aliyezaliwa mwaka 1898, ambaye Marcel Marceau, mwigizaji bubu aliyepata umaarufu duniani, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Kwake, kiwiliwili kilitangulia, mikono ikafuata, uso ukawa wa mwisho, na katika mazoezi nyuso zilifunikwa kwa kitambaa chepesi ili mwigizaji asipate pa kukimbilia. Nawasihi wanaoanza wafanye vivyo hivyo. Mtandio mwepesi unaopitisha hewa unatosha. Mwombe mwenzako aketi mbele yako, umwonyeshe mtu aliyepokea habari za msiba, kisha umwonyeshe mtu aliyerudi shambani akiwa hoi. Asipoweza kuzitofautisha hali hizo mbili kwa kuutazama mgongo na mabega yako, rudia mpaka aweze, na mtandio uendelee kukaa usoni.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuteka maji kisimani kwa kamba, na ninashauri ulifanye kwanza kwa ndoo halisi huku ukijichunguza. Utaona kwamba kazi haianzii mikononi. Miguu hutanuka, magoti hulegea kidogo, kiuno hurudi nyuma, na hapo ndipo mikono huvuta. Ndoo ikiwa bado imezama ni nyepesi. Inapotoka majini, uzito wake wote huja kwa ghafla na mabega hulazimika kuupokea. Sasa rudia bila ndoo wala kamba. Usiifumbe ngumi kabisa, kwa maana kamba ina unene, na unene huo unahitaji nafasi kati ya vidole na kiganja. Mikono yote miwili ikiwa imeishika kamba, lazima isafiri pamoja na umbali kati yake usibadilike, kwa kuwa kamba halisi hairefuki wala haifupiki. Ukilifanya zoezi hili kwa subira, atakayekutazama ataanza kukadiria kina cha kisima.

Kinachofuata ni kanuni ya nukta isiyohama. Kitu kisichoonekana kinapokuwa kimesimama, mkono unaokigusa nao husimama, hata kama mwili mzima unasogea. Weka kiganja juu ya ukuta wa kufikirika, kisha peleka kifua mbele na nyuma. Kiganja kikitikisika hata kidogo, ukuta umebomoka. Acha vidole vilegee kabla ya kugusa, halafu vikaze mara moja wakati wa kugusa, kwani mkazo huo ndio unaolionyesha jicho mahali kitu kilipo.

Marceau alizimiliki kanuni hizi kiasi kwamba hazikuonekana tena. Alipotembea dhidi ya upepo, miguu ikihangaika na mwili usiende popote, watu waliuona upepo. Mhusika wake Bip, mwenye fulana ya mistari na kofia iliyochomekwa ua jekundu, alizaliwa mwaka 1947, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambamo baba yake Marceau aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na Marceau mwenyewe alishiriki kuwavusha watoto wa Kiyahudi kuingia Uswisi. Nawaomba vijana waijue historia hii kabla hawajajipaka uso rangi nyeupe, maana wengi huuchukulia ukimya kuwa kichekesho tu, ilhali ukimya wa mtu yule ulibeba msiba mzito.

Nieleze pia, kwa kuwa jambo hili huchanganywa mara kwa mara, kwamba lugha ya alama ya viziwi ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kuigiza kwa kubuni ishara za ovyo na kuziita lugha ya alama ni kuwavunjia heshima wenyewe.

Kuhusu muziki, fanya mazoezi bila muziki kabisa. Ngoma na kinanda huziba mapengo ambayo mwili ulipaswa kuyajaza, na mwigizaji haoni tena mahali alipolegea. Usiogope kusimama tuli katikati ya tendo, mradi pumzi yako iendelee kuonyesha kwamba mhusika anawaza.

Na kila ulichokishika, kiweke chini kabla ya kuutumia mkono kwa jambo jingine. Ukikiacha kikombe hewani, hadhira itaendelea kukitafuta, na utakachokifanya baada ya hapo hakitaonekana.