Kotisoli iko juu, lakini seli haziitikii

Dada yangu wa Mbagala, umeuliza inakuwaje kotisoli (homoni ya msongo) ya mwanao ipande kila anapopimwa ilhali dalili za kawaida za kotisoli nyingi hazipo: uso haujavimba wala michirizi ya zambarau haijaonekana tumboni. Huenda hitilafu iko kwenye jeni ya NR3C1, katika kromosomu ya 5, inayotengeneza kipokezi cha homoni hiyo, yaani sehemu ya seli inayoipokea: kipokezi kikiwa na kasoro, seli haziitikii ipasavyo, ubongo nao huzidi kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe kotisoli zaidi, nazo humwaga pia homoni zinazopandisha shinikizo la damu, kushusha potasiamu na kuleta chunusi. Ni hali adimu sana. Mpeleke Muhimbili kwa daktari wa homoni ukiwa na majibu yote, na nakusihi usimnunulie deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwenye duka la dawa. Ndiyo hutumika, lakini dozi hupangwa na daktari.