Homa Baada ya Upasuaji wa Kichwa Haitibiwi Dukani

Siku ya 19 baada ya mdogo wangu kufanyiwa upasuaji wa dharura wa ubongo, alishikwa na homa, nami nikaenda duka la dawa nikamnunulia mseto, dawa ya malaria. Ninaanza na kosa hilo kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi, na kwa sababu tangu wakati huo nimekutana na familia nyingine wodini ambazo zilifanya hivyohivyo: mgonjwa anatetemeka, kila mtu nyumbani anasema ni malaria, dozi inaanza, na siku zinakwenda.

Mimi si daktari. Ninayoyaandika ni yale niliyoyaona nikiwa mwangalizi wa mgonjwa kwa miezi kadhaa, pamoja na yale ambayo madaktari na wauguzi walinifafanulia nilipojifunza kuuliza.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Alianguka usiku katika barabara ya Morogoro akiwa hana kofia ngumu, ngozi ya kichwa ikachanika na fuvu likavunjika upande wa kulia. Picha ya CT scan ilionyesha damu iliyovilia kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo, nayo ilikuwa inausukuma ubongo upande wa pili. Katika hali kama hiyo hakuna nafasi ya kusubiri, kwa maana mgonjwa anaweza kufa kabla ya alfajiri. Upasuaji wa kupangwa humpa daktari muda wa kumwandaa mgonjwa, kuhakikisha ngozi ni safi na kurekebisha sukari iliyopanda, ilhali upasuaji wa dharura huanza na jeraha ambalo tayari limejaa mchanga, nywele na uchafu wa barabarani. Ndiyo maana hatari ya maambukizi huwa kubwa zaidi, hata pale ambapo kila mtu katika chumba cha upasuaji amefanya kazi yake ipasavyo. Hatari hiyo huongezeka iwapo utando wa ubongo umepasuka, iwapo mgonjwa amewekewa mrija wa kutoa damu au maji kichwani, au iwapo italazimu afunguliwe tena.

Jambo nililochelewa sana kulielewa ni lile la kipande cha fuvu. Ili kuifikia damu, daktari hukata kipande cha mfupa, na baadaye, kama ubongo haujavimba sana, hukirudisha mahali pake. Kipande hicho kimekwisha kutengwa na mishipa iliyokuwa ikikilisha, kwa hiyo bakteria wakikaa juu yake, dawa inayosafiri katika damu huwafikia kwa shida. Ngozi ya nje inaweza kufunga vizuri, nyuzi zikatolewa, ndugu wakashukuru, huku usaha unajikusanya chini ya mfupa. Wataalamu wa Marekani wanaofuatilia maambukizi ya hospitalini huwahesabu waliopasuliwa fuvu kwa siku 90, na maambukizi ya kipande cha mfupa yanaweza kujitokeza hata baada ya hapo. Sisi tulidhani hatari imekwisha siku ya 10, aliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Turudi kwenye homa. Kipimo cha malaria, tulipokuja kukifanya katika zahanati ya mtaani, kilionyesha kuwa hana vimelea, lakini nilijiambia kwamba pengine kipimo kimekosea. Mseto ulipoisha bila nafuu, nikanunua antibiotiki bila cheti cha daktari, na hapo nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Dozi ndogo ya vidonge ilishusha homa kwa siku mbili, ikatupa matumaini ya uongo, kisha homa ikarudi na maumivu makali ya kichwa. Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa za namna hiyo zinaweza kuwadhoofisha bakteria kiasi cha kutoota maabara, hivyo hospitali ikashindwa kujua ni dawa gani hasa inayowaua, na wakati huohuo zikawazoesha usugu. Kama mgonjwa wako amepasuliwa kichwa katika miezi mitatu iliyopita na ana homa, mpime malaria, ndiyo, lakini mpimie katika hospitali iliyompasua au yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, na umwambie daktari kuhusu upasuaji kabla hujamwambia kuhusu homa.

Dalili nyingine tulizikuta moja baada ya nyingine. Ngozi karibu na kovu ilivimba, ikawa laini na yenye kubonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Asubuhi ya siku ya 27 mama aliona doa la njano kwenye foronya. Mgonjwa akaanza kujibu maswali kwa kuchelewa, na alipoambiwa ainamishe kidevu kifuani hakuweza, kwa sababu shingo ilikuwa imekakamaa. Kukakamaa kwa shingo, kuukimbia mwanga, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege au usingizi usio wa kawaida ni ishara kwamba huenda maambukizi yamefika kwenye utando wa ubongo au ndani zaidi. Hapo hamsubiri kupambazuke. Mnatafuta gari usiku huohuo.

Kuna dalili moja ambayo watu huidharau kwa kuwa haiumi. Maji maangavu yanayochuruzika puani au sikioni, hasa mgonjwa anapoinama, huenda si mafua. Fuvu likivunjika sehemu ya chini, maji ya ubongo hupata njia ya kutokea, na penye njia ya kutokea pana njia ya bakteria kuingilia. Usizibe pua wala sikio kwa pamba, mgonjwa asipenge kamasi, na arudishwe hospitalini akiwa ameinuliwa kichwa.

Sasa niseme juu ya mikono yetu wenyewe. Nyumba yetu ilijaa wageni, na kila aliyeingia, kwa upendo wa kweli, aliweka kiganja kichwani pa mgonjwa akamwombea. Wengine walileta mafuta. Jirani mmoja alishauri tufungue kidonge cha rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye mshono, tukafanya. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus, ambao ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya maambukizi ya namna hii, huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya njema, kwa hiyo anayewaleta haonekani mgonjwa. Maombi yafanywe mgeni akiwa ameketi kitini, mikono yake mapajani. Anayegusa bandeji awe mtu mmoja, aliyenawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada. Kwenye kidonda kisiwekwe asali, majivu, mafuta wala unga wa dawa yoyote ambayo hospitali haikuagiza. Na kinyozi asubiri: wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo bakteria hujificha, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, lilikataza kunyoa nywele kwa wembe hata kabla ya upasuaji.

Siku ya kuruhusiwa sisi tulipewa karatasi tukaondoka bila kuuliza, tukiwa na furaha na uchovu. Laiti ningeuliza haya: kipande cha mfupa kimerudishwa au kimehifadhiwa, na wapi, utando wa ubongo ulipasuka au la, nyuzi zitolewe lini na nani, na tukiona homa usiku tumpigie nani. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu wodini unasahau nusu ya unayoambiwa.

Mdogo wangu alifunguliwa mara ya pili. Usaha ulitolewa, kipande cha mfupa kikaondolewa moja kwa moja, na akachomwa sindano za antibiotiki kwenye mshipa kwa wiki sita, kila siku kwa saa zilezile, kwa kuwa vidonge peke yake visingefika kule kwa nguvu inayotakiwa. Tuliuza pikipiki kulipia sehemu ya gharama. Huu ni mwezi wa tano tangu atoke. Upande wa kulia wa kichwa chake umebonyea, na daktari anataka kuwa na hakika kwamba hakuna maambukizi yaliyobaki kabla ya kumwekea kifuniko cha titani. Hadi hapo haruhusiwi kuulalia upande huo, na akitoka nje huvaa kofia ngumu hata anapokwenda dukani kwa miguu. Jioni mama humketisha kibarazani pakiwa bado na mwanga, hulitazama kovu kwa muda, humgusa shavu kwa mgongo wa kiganja kupima joto, ndipo amuulize habari za kutwa.