Kapasita gani nzuri? Na maswali mengine ya spika

Shikamoo mzee. Kapasita gani ni nzuri kwa spika? (Buzuruga)

Marahaba. Nzuri ni yenye namba ileile ya unayoitoa. Wewe ni wa saba mwezi huu kuniuliza hivi bila kutaja namba, wala omu (kipimo cha ukinzani) za tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, wala spika yenyewe ni ipi. Hata muuza viatu wa Makoroboi angekuuliza kwanza unavaa saizi gani.

Nilinunua Mlango Mmoja jozi ya spika za Uingereza, nadhani za miaka ya 80. Boksi la kushoto matoazi yamefifia, kama limefunikwa blanketi. Fundi anataka laki na nusu abadilishe krosova zote mbili, kila kitu kipya. Nimpe? (Igoma)

Usimpe. Krosova ni ule mkusanyiko wa kapasita, koili na rezista unaogawa sauti: nyembamba kwa tuita, nene kwa wufa. Kuna kazi ya nusu saa isiyo na gharama, na fundi angeifanya kabla ya kutaja bei.

Anza na nyaya zinazotoka kwenye amplifaya: ya kushoto ipeleke boksi la kulia, ya kulia ilete kushoto. Ugonjwa ukihamia boksi la kulia, spika zako ni nzima. Angalia amplifaya na nyaya. Ukibaki palepale, zima umeme, piga picha ya kila waya na rangi yake, halafu toa tuita zote mbili uzibadilishane. Ufifi ukifuata tuita, krosova haina kosa. Ukibaki kwenye boksi la kushoto na tuita ya mwenzake, hapo ndipo uishuku krosova.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu tuita nyingi za umri huo zimetiwa mafuta yenye chembe za sumaku kwenye mwanya wa koili yake, ule waya unaoitetemesha, ili kuipoza. Baada ya miaka thelathini na kitu mafuta hayo huganda kama uji wa jana na koili haichezi. Mita itakuonyesha omu 6 hivi kwa tuita ya omu 8, ambayo ni afya kamili, na sauti bado imefifia. Nimeshaona mtu akibadilisha kapasita mara mbili kwa ugonjwa huo.

Kama kweli ni krosova, wa kutafutwa ni kapasita za elektrolaiti zisizo na chanya wala hasi. Hizo ndizo zinazozeeka: majimaji ya ndani yanakauka, ukinzani wake unapanda, tuita inanyimwa. Chomoa mguu mmoja ndipo upime, maana ukipima ikiwa imefungwa utasoma na majirani zake. Iliyoandikwa 6.8 (mikrofaradi, kipimo cha kapasita) ikisoma 9 au 4, itupe. Ikisoma 6.8 usiiamini moja kwa moja, kwa sababu mita ya kawaida haioni ukinzani wa ndani. Kwa umri huo ibadilishe tu, na mwenzake wa boksi la pili pia, ili pande mbili zizungumze lugha moja.

Kapasita za plastiki hazikauki, ziache. Rezista za saruji zipime. Zikisoma kilichoandikwa, ziache. Koili za krosova hazina la kuchakaa. Sasa mwulize fundi wako "kila kitu kipya" ni kitu gani.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Ukiweka kapasita ya polipropilini, yaani ya plastiki, mahali palipokuwa na elektrolaiti, tuita inaweza kuwa kali kidogo kuliko aliyeiunda alivyokusudia, kwa sababu ukinzani ule mdogo aliouhesabu haupo tena. Weka rezista ya nusu omu kwenye mstari mmoja na kapasita kabla hujaanza kuilaumu.

Fundi alitoa kapasita ya 4.7 akaweka 10 "ili tuita ifunguke". Harusi ya pili tu, tuita zote mbili zimekufa. Ni za bandia? (Nyegezi)

Pole. Tuita hazina kosa. Fundi wako hakuzifungua, amezichinja.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza. Kwa kapasita moja iliyo mbele ya tuita, gawa 159,155 kwa omu mara mikrofaradi, upate masafa ambayo tuita inaanzia kazi. Omu 8 na 4.7 inakupa karibu hezi 4,230. Omu 8 na 10 inakupa 1,990. Mlango umeshushwa zaidi ya oktavu nzima, na huko chini ndiko kwenye sauti za waimbaji na matarumbeta, yaani nguvu nyingi ya muziki. Halafu kuna mwendo: kwa ukubwa uleule wa sauti, masafa yakipungua nusu, kile kikuba cha tuita kinatakiwa kitembee mara nne. Kimeumbwa kutetemeka kidogo sana, wewe unakitaka kifanye kazi ya wufa, tena usiku kucha.

Lakini ilisikika tamu siku ya kwanza, nina hakika. Ndivyo zinavyosikika zote kabla ya kuungua.

Watu wanadhani namba za krosova ni makadirio. BBC walipounda LS3/5A miaka ya 1970, spika ndogo ya kufanyia kazi ndani ya magari ya matangazo, waliweka kwenye krosova koili yenye matawi kadhaa ili kiwango cha tuita kirekebishwe spika kwa spika. Mtu aliyehangaika namna hiyo hakuweka namba ili wewe uje uzidishe mara mbili.

Kapasita ya feni inafaa kwenye krosova? Nimecheka mwenyewe kabla ya kuuliza. (Kirumba)

Usicheke, ni swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Inafaa. Kapasita ya feni ya darini kwa kawaida ni ya polipropilini, haina chanya wala hasi, volti 400 au 450, na bei yake haimtishi mtu. Spika inayopewa wati 100 kwenye omu 8 haifiki hata volti 41 kileleni, kwa hiyo uwezo umebaki wa kutosha. Ya 2.5 ukiiunganisha sambamba na ya 2.2 unapata 4.7, namba inayotafutwa kila siku. Ni nene tu, hakikisha boksi lina nafasi, na uifunge kwa nguvu isije ikaimba na besi.

Nunua mpya. Ukiichomoa kwenye feni iliyokuwa inazunguka kivivu, fahamu kwamba mara nyingi ni kapasita hiyo hiyo iliyopungua. Na zile za kuanzishia mota, mkebe mnene mweusi wenye namba kubwa, ni elektrolaiti za kazi ya sekunde chache. Waachie wenye pampu.

Kuna kapasita za nje, moja laki mbili. Tofauti nitaisikia? (Capri Point)

Utaisikia siku ya kulipa. Kama namba ni ileile na aina ni ileile, mwambie kijana wako awe anakubadilishia bila wewe kuona, mara kumi, uandike unachosikia. Laki mbili hiyo nunulia pazia zito na zulia. Sebule nyingi za huko kwenu ni vioo na vigae vitupu, sauti inarukaruka humo kama mpira.

Nansio hatupati kapasita zisizo na hasi. Naweza kutumia za kawaida? (Ukerewe)

Moja, hapana, muziki unageuza mwelekeo wa umeme kila mara, na kapasita hiyo itavimba. Mbili zinazolingana, hasi kwa hasi, ndiyo, ila kumbuka jibu ni nusu: 10 na 10 zinatoa 5. Chukua za volti 63 kwenda juu. Hiyo ni dawa ya kukuvusha mpaka utakapopanda meli kuja Mwanza.

Nitoe koili ya chuma niweke ya hewa? Nasikia ni safi zaidi. (Pasiansi)

Kwenye wufa, usiguse. Koili isiyo na chuma inahitaji waya mrefu zaidi kufikia milihenri (kipimo cha koili) zilezile, na wauzaji wanapenda kukupa waya mwembamba. Ukinzani unaongezeka nusu omu au zaidi, amplifaya inapoteza mshiko, besi inalegea. Halafu utaniandikia kuuliza kapasita gani inakaza besi.

Nimefungua spika nikakuta waya mwekundu wa tuita uko kwenye hasi. Kiwanda kilikosea, nimerekebisha. Nashangaa waimbaji wamerudi nyuma. (Sengerema)

Rudisha kama ulivyokuta, leo hii.

Krosova yenye kapasita na koili kwa kila upande huigeuza awamu, yaani zamu ya koni kwenda mbele na nyuma, na mara nyingi tuita hugeuzwa makusudi ili ikutane na wufa vizuri pale wanapopokezana. Ukiinyoosha, zinavutana badala ya kusaidiana, na shimo linatokea katikati, ndimo waimbaji wako walimotumbukia. Sikucheki. Miaka ya mwanzo nilimfanyia mwalimu mmoja "marekebisho" hayohayo, nikamlipisha, akarudi baada ya wiki akiniuliza kwa heshima zote kwa nini mwimbaji sasa anaimbia chooni. Sikuwa na picha ya nyaya. Tangu siku hiyo simu yangu imejaa picha za nyaya kuliko za wajukuu.

Sabufa yangu mpya nibadilishe krosova gani? (Mabatini)

Fungua vile vispika vidogo. Ukikuta kila kimoja kina spika moja tu, hakuna cha kugawa. Funga.

Nina baa ufukweni. Besi inakwaruza nikiongeza sauti. Nimeshabadilisha kapasita zote za krosova, bado. Niweke kubwa zaidi? (Ilemela)

Hapana, na ungeuliza kabla ya kununua. Toa kitambaa cha mbele, bonyeza kidogo ile pete ya sponji inayozunguka koni. Ikimeguka kama mkate mkavu, umeupata mkwaruzo. Sponji hiyo inaliwa na unyevu, na wewe umeiweka ziwani. Pete mpya ichukue ya mpira. Kama sponji ni nzima, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza hapo, koili imeungua au imehama, na hiyo ni kazi ya kusuka upya.

Na punguza ile nobu saa nne usiku watu wanapochangamka. Amplifaya ikilazimishwa, mawimbi yanakatwa vichwa na tuita ndizo zinazokula joto lake.

Ukienda kununua pete, pima kwa milimita: upana wa koni, na duara la nje pete inapogandia. Usimwambie mwenye duka "ya inchi nane".